Kichina chuoni: wanafundisha nini hasa?

Tangazo likisema "Jifunze Kichina kwa miezi mitatu", watu hugawanyika. Wapo wanaokimbilia kujiandikisha, na wapo wanaocheka: zile herufi ni michoro, Wachina wanaongea kama wanaimba, lugha ile haijifunziki ukubwani. Pande zote mbili zimekosea, na mwalimu wa mwaka wa kwanza hutumia wiki nyingi kuwavua wanafunzi dhana hizo. Ila kuna kosa la tatu lisilosemwa sana, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili huingia darasani akidhani hana mtaji wowote, kumbe anao mwingi, na anauacha mlangoni.

Kwanza jina. China ina lugha kadhaa za ukoo mmoja: Kikantoni cha Hong Kong na Guangdong, Kishanghai, Kihokkien na nyingine nyingi. Mtu wa Beijing ambaye hajajifunza Kikantoni akikisikia haambulii kitu. Kinachofundishwa vyuoni kwa jina la Kichina ni Putonghua, yaani "lugha ya wote", ambayo wengi tunaiita Mandarini. Matamshi yake yamesimikwa juu ya matamshi ya Beijing, kama Kiswahili sanifu kilivyosimikwa juu ya Kiunguja: lahaja moja ilichaguliwa, ikapigwa msasa, ikapelekwa shuleni, na wenye lahaja nyingine wakabaki wananung'unika. Taiwan huiita lugha hiyohiyo Guoyu, Singapore huiita Huayu.

Maneno mengine mawili utakayoyasikia siku ya kwanza ni hanzi na pinyin. Hanzi ni zile herufi zenyewe za Kichina. Pinyin ni namna ya kuandika sauti za Kichina kwa herufi hizi tulizozizoea. China iliipitisha rasmi mwaka 1958, baada ya kazi ya kamati iliyokuwa na Zhou Youguang, mchumi aliyegeukia isimu na kuishi hadi miaka 111. Pinyin haikuja kuziondoa hanzi. Ni gongo la anayeanza kutembea, awe mtoto wa Kichina au mgeni, na siku hizi ndiyo wengi wanayotumia kwenye simu: unachapa sauti, simu inakuletea orodha ya hanzi, unachagua unayoitaka.

Gongo hilo lina mtego. Ukiona b, d na g kwenye pinyin utazisoma kama za Kiswahili, na utakosea. Katika Putonghua, kinachoitenga b na p ni pumzi: p hutoka na mpumuo, b hutoka kavu, na zote mbili hazina mtetemo wa kooni. Wazungumzaji wa lahaja za pwani wanaijua tofauti hii bila kufundishwa na mtu. Kaa la moto hutamkwa kavu, kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi. Paa la nyumba ni kavu, paa yule mnyama ana pumzi. Weka kiganja mbele ya midomo utahisi. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wengi waliojifunzia Kiswahili shuleni hawanayo, lakini mwenye nayo ameshavuka somo zima ambalo wenzake watatoka nalo jasho.

Sasa toni, ile "kuimba" inayosemwa. Toni ni kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya silabi moja, kunakobadili maana ya neno. Usiichanganye na kiimbo. Sisi tukisema "Umekula" na "Umekula?" tunageuza sentensi nzima kutoka taarifa kuwa swali, lakini kula kunabaki kula. Kinachokaribia toni kidogo ni mkazo: barabara ya magari, na kufanya jambo barabara. Maandishi ni yaleyale, ila sikio hutofautisha kwa mahali mkazo unapoangukia. Putonghua hufanya mchezo huo ndani ya silabi moja tu. Mā, sauti ikiwa juu na imenyooka, ni mama. Má, inayopanda kama mtu anayeuliza "nini?" kwa mshangao, ni katani. Mǎ, inayozama chini, ni farasi. Mà, inayoshuka kwa kishindo kama amri ya "toka!", ni kutukana. Halafu kuna ma nyepesi isiyo na toni, ambayo hufanya kazi ya "je" yetu, ila yenyewe hukaa mkiani mwa sentensi.

Kwa nini wajitese hivyo? Jibu ni hesabu. Ukiondoa toni, Putonghua ina silabi zipatazo 400 tu, na maneno yake mengi ni ya silabi moja au mbili. Kiswahili kikitaka neno jipya huongeza silabi mbele na nyuma mpaka neno lijae mdomo. Kichina kimebaki na neno fupi, na toni ndizo zinazozigawa silabi hizo chache ziwe zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo toni si pambo. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza, na mfanyabiashara asiyezitenga atapata tabu. Wèn ni kuuliza, wěn ni kubusu. Kila darasa la Kichina lina mwanafunzi aliyemwambia mwalimu "nataka kukubusu" akidhani anaomba ruhusa ya kuuliza swali.

Ndiyo maana mwanafunzi anayesema "neno nalijua, toni tu ndiyo bado" anajidanganya. Ni sawa na kusema unalijua neno "baba" ila huna hakika kama ni baba au dada. Tena wengi wetu toni si ngeni. Kiswahili ni kama mtoto aliyepoteza urithi wa ukoo: lugha nyingi za Kibantu zinazo toni, Kihaya, Kiganda, Kikuyu na Lingala zikiwemo. Anayezungumza mojawapo nyumbani amekuwa akitumia toni tangu utotoni bila kuziita jina hilo.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowaudhi wanafunzi makini. Wanafundishwa kwamba nǐ na hǎo za salamu "nǐ hǎo" zote ni toni ya tatu, ile inayozama chini, kisha wanamsikia mwalimu akisalimia na toni zake hazilingani na kitabu. Hajakosea. Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hupanda na kuwa ya pili, kwa hiyo salamu ya kwanza kabisa unayojifunza tayari imevunja kanuni ya somo la kwanza. Mwalimu mzuri husema jambo hili siku hiyohiyo.

Je, ni kweli Kichina hakina sarufi? Dhana hii huenezwa na watu waliogundua kwamba vitenzi vya Kichina havinyambuliki. Sisi neno moja, "hatukumwambia", lina mtenda, ukanushi, wakati na mtendewa. Mchina atahitaji maneno manne, wǒmen méi gàosu tā, na hakuna hata moja linalobadilika umbo. Lakini mzigo wa sarufi haujaondoka, umehamia kwenye mpangilio. Sisi husema "ninasoma kitabu maktabani", na tukisema "maktabani ninasoma kitabu" hakuna anayetushangaa. Kichina hutaka mahali patangulie kitendo: wǒ zài túshūguǎn kàn shū, mimi maktabani nasoma kitabu. Wakati nao hutangulia mahali. Ukivuruga foleni hiyo, maneno yako yote yatakuwa sahihi na sentensi itakuwa mbovu.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ule mtaji. Vitabu vingi vya kujifunzia Kichina vina maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi hutoka Kiswahili, akapitia Kiingereza, ndipo afike Kichina. Mzunguko huo una gharama. Chukua kitenzi dǎ, ambacho maana yake ya kwanza ni kupiga. Dǎ diànhuà ni kupiga simu. Dǎ zì ni kupiga chapa. Dǎ hāqian ni kupiga miayo, dǎ pēntì ni kupiga chafya, dǎ zhēn ni kupiga sindano. Kitabu cha Kiingereza hutoa kitenzi tofauti kwa kila kimoja na kumwambia mwanafunzi akariri tu, eti Kichina kina mambo yake. Mswahili angeambiwa neno moja, "dǎ ni piga, hata pale ambapo hakuna anayepigwa", angecheka na kuendelea na somo.

Au chukua le, kile kipashio kidogo kinachowatesa wanafunzi wa dunia nzima. Vitabu huanza kwa kusema ni alama ya wakati uliopita, kisha kurasa hamsini baadaye huanza kukanusha. Kwetu kazi yake kubwa iko karibu zaidi na -me- kuliko -li-. Tā zǒu le ni "ameondoka". Na ukitaka kusema "kesho nikishafika nitakupigia", Kichina kitaiweka le kwenye "fika", ingawa hakuna kilichopita, kwa sababu le hutazama kama jambo limekamilika. Guo nayo ni "-wahi" yetu: wǒ qùguo Zhōngguó, nimewahi kwenda China. Tā ni "yeye", na mdomoni haijali mwanamume wala mwanamke. Tofauti iko kwenye maandishi tu, 他 na 她, na hiyo ya pili ilianza kutumika kwa maana ya mwanamke mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisha kuna vipimo, yale maneno yanayokaa kati ya idadi na kitu. Huwezi kusema "tatu kitabu" moja kwa moja. Lazima useme sān běn shū, ambapo běn ni neno la kuhesabia vitabu. Meza, karatasi na tiketi huhesabiwa kwa zhāng kwa sababu zina uso bapa. Mto, njia, samaki, nyoka, suruali na mkanda huhesabiwa kwa tiáo kwa sababu ni virefu na vinajipinda. Mzungumzaji wa Kiingereza hushangaa: nani aliyeamua samaki na suruali ni ndugu? Sisi hatuna haki ya kushangaa. Tumekulia kwenye ngeli. Tunajua bila kufundishwa kwamba nomino hukaa kwenye makundi na kwamba idadi lazima ifuate kundi. Hata lile wazo la urefu tunalo: uzi, ufito, ulimi, upanga, ukanda, unywele, vitu vyembamba virefu vimejazana kwenye ngeli ya U. Kipo kipimo cha jumla, gè, ambacho mwanafunzi akikwama hukibandika kwa kila kitu. Wachina humwelewa, kama sisi tunavyomwelewa mgeni anayesema "kitabu yangu".

Si kila mahali Kiswahili kinasaidia, tuseme ukweli. Siku za juma ni balaa. Kichina huhesabu kuanzia Jumatatu: xīngqīyī, siku ya kwanza, xīngqī'èr, ya pili. Sisi tumeanza kuhesabu Jumamosi. Kwa hiyo Jumatatu yetu, yenye "tatu" ndani yake, ni siku "moja" kwao, na Jumamosi, yenye "mosi", ni siku ya sita. Mwanafunzi akitafsiri kwa haraka atafika kwenye miadi siku mbili kabla.

Twende kwenye hanzi, maana ndizo zinazowatisha watu. Zipo chache zilizoanza kama picha kweli: 山 mlima, 月 mwezi, 木 mti, na miti miwili 林 ikawa kichaka. Lakini nyingi mno, zaidi ya nane katika kila kumi, hazikujengwa hivyo. Tazama 妈, ile mā ya mama. Upande wa kushoto kuna 女, mwanamke. Upande wa kulia kuna 马, farasi, ambayo husomwa mǎ. Mama na farasi hawana undugu. Farasi ameletwa kwa ajili ya sauti yake tu. Kipande kimoja kinakunong'oneza maana, kingine matamshi. Ukilijua hili, 青 (qīng) inakufungulia familia nzima: weka kipande cha maji upate 清, maji safi, weka jua upate 晴, anga iliyotakata, weka moyo upate 情, hisia, weka maneno upate 请, kuomba au kumkaribisha mtu. Zote husomwa qing, toni ndizo zinazohama. Anayekariri hanzi kama michoro isiyo na mpango atachoka kabla hajafikisha mia mbili.

Na ni ngapi? Watu hutaja elfu hamsini, namba inayotokana na kamusi kubwa. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ina 47,035, nyingi zikiwa za zamani au za nadra. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina 8,105, na daraja lake la kwanza, zile za kila siku, ni 3,500. Mwenye 2,500 hukutana na hanzi asiyoijua mara chache tu katika ukurasa wa kawaida. Isitoshe, maneno mapya huundwa kwa kuunganisha hanzi unazozijua: umeme na maneno ni simu, umeme na ubongo ni kompyuta, umeme na vivuli ni filamu. Moto na gari ni treni, na sisi tuliosema garimoshi hatuko mbali.

Walimu hawakubaliani kama mwanafunzi wa leo aandike kwa mkono au achape tu. Viwango vya China vya mwaka 2021 vimejibu kwa njia ya kati: ngazi za mwanzo zinadai kutambua hanzi 900 lakini kuandika kwa mkono 300 tu. Binafsi naona wameamua vizuri. Hizo 300 za kwanza huuzoesha mkono kuona vipande, na baada ya hapo jicho hujiongoza.

Hebu sasa tupime lile tangazo la miezi mitatu. Mtihani wa kimataifa wa Kichina unaitwa HSK. Kwa mfumo wa ngazi sita ulioanza mwaka 2010, ngazi ya kwanza ni maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1,200, ya tano 2,500, ya sita 5,000. Kila ngazi karibu ni maradufu ya iliyotangulia. Viwango vya 2021 vimeleta ngazi tisa na maneno 11,092. Miezi mitatu ya bidii hukufikisha ngazi ya kwanza, labda ya pili, yaani kujitambulisha na kuuliza njia. Hilo si la kudharau, ila si "kujua Kichina".

Kwa upande wa pili, taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina, na takriban 900 kwa Kiswahili. Makadirio hayo ni ya wazungumzaji wa Kiingereza, lakini yanatoa picha. Chuo chenye vipindi vya saa tano kwa wiki, wiki 15 kwa muhula, mihula miwili, humpa mwanafunzi saa 150 kwa mwaka. Piga hesabu. Miaka minne ni saa 600. Ndiyo sababu programu nyingi za shahada hupeleka wanafunzi China kwa muhula au mwaka, na ndiyo sababu aliyesoma Kichina kama somo la nyongeza asilaumiwe akishindwa kusoma gazeti.

Vyuo vingi hufundisha Kichina kupitia Taasisi za Konfusio, na hapa napo pana mkanganyiko. Taasisi hizo ni ubia kati ya chuo mwenyeji na chuo cha China. Ya kwanza ilifunguliwa Seoul mwaka 2004, na ya kwanza Afrika ilianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Baadhi ya vyuo, Chicago na Stockholm vikiwemo, vilivunja ubia huo vikihofia uhuru wao wa kitaaluma. Vingine vimeendelea kwa furaha. Kwa mwanafunzi, swali la kwanza ni jepesi: cheti kinatoka wapi? Kozi ya taasisi mara nyingi huishia kwenye cheti na HSK. Shahada hutolewa na idara ya chuo, na humdai mwanafunzi pia historia, fasihi, na hata Kichina cha kale, ambacho ndicho kilichoandikwa na wasomi mpaka vuguvugu la miaka ya 1910 lilipodai watu waandike wanavyosema.

Nimeuacha utamaduni mpaka mwisho, na ndivyo ratiba nyingi zinavyofanya, kwa makosa. Unapewa Ijumaa mchana: kukata karatasi, taiji, brashi na wino, picha za kumbukumbu, tawanyikeni. Ni vitu vizuri. Lakini utamaduni unaompa mwanafunzi shida, au unaomwokoa, umejificha kwenye sentensi za kawaida.

Msifu Mchina wa makamo kwa mwandiko wake, naye aweza kukujibu nǎlǐ, nǎlǐ, "wapi, wapi?" Hakuulizi mahali. Anaikwepa sifa, kama mtu anayesema "aa, wapi bwana!" Mtu mzima akikusalimia chī le ma, "umekula?", hajakualika mezani, anakujulia hali. Ukiambiwa zài shuō ba, "tutaongea tena", mara nyingi umeshakataliwa kwa adabu, na ukirudi kesho kulidai jibu utamvunjia mtu miànzi, uso wake, yaani heshima yake mbele za watu.

Jamaa nao wana majina yao. Kaka mkubwa wa baba ni bóbo, mdogo wake ni shūshu, ndugu wa kiume wa mama ni jiùjiu, dada wa baba ni gūgu. Kitabu cha Kiingereza huwaita watatu wa kwanza kwa neno moja, kisha huandika aya nzima kueleza ugumu wake. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi: Mswahili anahitaji mistari minne tu.

Kisha zije chéngyǔ, semi za hanzi nne ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu huzikariri kwa mamia. Mojawapo ni duì niú tán qín, kumpigia ng'ombe kinanda, husemwa juu ya anayejichosha kumweleza mtu asiyeelewa wala asiyejali. Simu inaweza kuitafsiri neno kwa neno, na msomaji akabaki anajiuliza ng'ombe katoka wapi. Mwanafunzi aliyeleta Kiswahili chake darasani hahitaji tanbihi. Huandika pembeni mwa daftari maneno matatu, "kumpigia mbuzi gitaa", halafu anasubiri mwalimu amalize kuwaeleza wengine.